Sindano ya Samaki, Sindano ya Chapati

Kazi yangu ni kuwalaza watu usingizi ili wenzangu wapate kuwakata. Mama hakulipenda neno nusukaputi. Alisema nusu yake aijua, na hiyo kaputi hataki kuijua. Kwa hiyo majirani wakimuuliza bintiye afanya kazi gani hospitali, huwajibu, "Yuwalaza wagonjwa," na kwa miaka mingi mtaa wetu wa Mji wa Kale uliamini kuwa mimi ndiye ninayetandika vitanda. Sikuwasahihisha. Kutandika kitanda vizuri ni kazi ya heshima, na kuna siku humfaa mgonjwa kuliko yangu.

Kumlaza mtu si kazi ngumu, ukweli usemwe. Ngumu ni kuamka kwake. Mwanamke akiondolewa titi lenye saratani, na tezi za kwapani zikatolewa pamoja nalo, huamka na jeraha lililoanzia karibu na katikati ya kifua likaishia chini ya mkono, na kila pumzi hulivuta. Zamani tulimpa mofini, basi. Mofini ni dawa nzuri, sina ugomvi nayo, lakini humtapisha mgonjwa na kumlegeza mpaka akasahau kupumua inavyopasa. Siku hizi, kabla hajakatwa, tunamchoma sindano ya ganzi pale inapopita mishipa ya fahamu, ili akiamka kifua kiwe kimetulia. Njia za kufanya hivyo ni kadhaa. Idarani kwetu zilikuwa mbili, na kila moja ilikuwa na mtetezi wake. Mmoja alikuwa mimi, wa pili mwenzangu wa bara.

Huyu mwenzangu ni mwana wa mchungaji wa kanisa, kazaliwa mbali na bahari, akaletwa Mombasa na kazi. Ni mtu mpole, mikono yake imetulia kuliko yangu, na kwa ubishi tunalingana. Mimi naipenda sindano ya mgongoni. Unaingia kando ya uti, pale mishipa inapotoka mfupani kwenda kuzunguka mbavu, na ukiipata hapo umekamata upande mzima wa kifua. Yeye anapenda ya kifuani, baina ya misuli miwili iliyo nyuma ya titi. Alisema yangu iko karibu mno na pafu, mkono ukiteleza kidogo umelitoboa. Nilisema yake huliacha eneo la katikati ya kifua likilia peke yake. Tulikuwa na haki sote wawili, na hilo ndilo linalofanya ubishi usiishe.

Haukuwa utafiti. Ulikuwa ubishi wa kwenye chai, nao ulikuwa na utamu wake. Kila asubuhi mwenzangu alipita wadini kuwauliza wagonjwa, wa kwangu na wa kwake, nani kaamka anaumwa na nani kaamka salama. Siku moja akanijia amekunja uso.

"Wanawake wa Mji wa Kale hawaumwi," akasema. "Wa Makupa wananiambia saba kwa kumi, nane kwa kumi, mmoja amenitukana. Wa kwenu wote ni sifuri. Sindano yako sifuri, yangu sifuri. Sasa sisi tunashindania nini?"

Nikafuatana naye nikaone. Mgonjwa wa kwanza alikuwa bibi wa makamo, mzaliwa wa Bondeni, ubavuni mwa Mji wa Kale, aliyefanyiwa upasuaji siku iliyotangulia. Mwenzangu akasimama miguuni pa kitanda, faili mkononi.

"Habari ya asubuhi, mama. Unasikia uchungu?"

Bibi akamtazama kwa huruma. "Uchungu wa nini, baba? Mungu ndiye alonipa titi na ndiye alolitwaa. Mimi sina uchungu naye."

Mwenzangu akaandika sifuri.

Ilinibidi nimeze kicheko. Kwao bara, uchungu ni maumivu ya mwili, jino likikuuma una uchungu. Kwetu, mwanamke akisema ana uchungu basi ama yuko karibu kujifungua ama moyo wake umejaa kinyongo. Alikuwa amemuuliza mama wa watu, mbele ya wadi nzima, kama amemkasirikia Mola wake. Ulitaka ajibu nini?

"Niachie mimi," nikamwambia, nikavuta kiti nikaketi.

"Sabalkheri, mamangu."

"Sabalkheri, mwanangu."

"U hali gani?"

"Njema, alhamdulillah."

"Na wa nyumbani?"

"Hawajambo, wakusalimu." Hawanijui, lakini ndivyo isemwavyo.

"Umelalaje?"

"Salama, alhamdulillah."

Kisha nikanyamaza. Hapo ndipo watu wengi hushindwa. Nikaweka mikono mapajani, sikutazama saa wala faili wala mlango. Bibi akautengeneza mtandio wake. Akatazama dirishani, akavuta pumzi fupi.

"Ela," akasema taratibu, "hapano ubavuni pananichoma kana kwamba nimewekewa kaa la moto."

Mwenzangu alibaki ameshika kalamu hewani. Tulipotoka nje ya wadi nikamweleza. Kwetu mtu huulizwa hali mara mbili. Mara ya kwanza unauliza adabu yake, naye hukujibu kwa adabu, njema, alhamdulillah, hata kama nyumba yake inaungua. Mara ya pili unauliza hali yenyewe, na mara hiyo ya pili haina maneno. Unakaa tu. Jibu litakuja, na litaanza na ela, ambayo ni "lakini" ya Kimvita. Ukiondoka kabla ya ela umeondoka na salamu zako tu.

"Na ela isipokuja?" akauliza.

"Basi haumwi," nikamjibu, kwa ile sauti ya mtu wa mji anayemfundisha mgeni.

Alijifunza haraka kuliko nilivyotaka. Akaacha neno uchungu, akaanza kuvuta kiti. Wauguzi wakambandika jina, Daktari wa Ela, na wanawake wa kwetu wakaanza kumwambia mambo ambayo hawakuniambia mimi. Ubishi wetu nao ukapata uhai, maana sasa kulikuwa na majibu ya kushindania.

Wakati huo alikuwa akiishi peke yake na kula mikahawani Makadara. Jumapili moja nikamkaribisha nyumbani. Mimi na mama twaishi ghorofani, sisi wawili tu tangu baba afariki na dada yangu mkubwa aolewe Makupa. Mama alipika samaki changu wa kupaka na chapati. Alimpenda mgeni palepale, kwa sababu alikula bila kubembelezwa, na kwa mama hiyo ndiyo tabia njema, nyingine hufuata.

Tulipofika nusu ya chakula ubishi ukaamka. Mwenzangu akachukua chapati, akaanza kuichambua tabaka.

"Hili la juu ni msuli mkubwa," akasema. "Hili la chini ni msuli mdogo. Mimi naingia hapa katikati, namwaga dawa, na inasambaa yenyewe." Akamwaga kijiko cha mchuzi ndani ya chapati, ikavimba.

Sikukubali. Nikamvuta yule changu, ambaye upande mmoja alikuwa ameshaliwa, mifupa i wazi. "Huu ndio uti," nikasema. "Hapa kando, kila mfupa unapochomoza, ndipo mshipa unapotokea. Ukiukamata hapa mlangoni, hauendi popote."

"Nyinyi," akasema mama kutoka mlango wa jikoni, "chakula hakichezewi."

Lakini badala ya kurudi jikoni alikuja akaketi nasi, jambo ambalo halifanyi wageni wakiwa wanakula. Akauliza kama hilo ganzi ni kama lile la meno, mtu akila embe mbichi na pilipili. Mwenzangu akacheka, akasema si hilo, hili halina ukakasi. Mama akatikisa kichwa, halafu akauliza tena, akiitazama mifupa ya samaki.

"Na huyo mtu akitiwa hini ya samaki, kwapani nako hufa ganzi?"

"Hufa, mama," nikajibu upesi, maana nilikuwa nashinda.

"Mara nyingine kwapa humponyoka mchomaji," akasema mwenzangu. "Ndiyo maana mimi nasema ya chapati."

"Humponyoka yeye," nikasema. "Mimi haliniponyoki."

Mama akaondoa sinia. Tangu siku ile hatukuziita tena kwa majina yake ya vitabuni. Zikawa sindano ya samaki na sindano ya chapati, hata wauguzi wakazijua hivyo.

Baada ya mwezi hivi kulikuwa na harusi ya jamaa, na dada yangu alikuja kumsaidia mama kuvaa. Mimi nilikuwa sebuleni napiga pasi mtandio. Dada akaniita, si kwa jina, aliniita "daktari," na dada yangu hajawahi kuniita hivyo.

Titi la kushoto, upande wa kwapa, ngozi ilikuwa imejivuta ndani na kuwa na vishimo kama ganda la chungwa. Sikuhitaji kugusa. Niligusa.

"Mama, hili lina muda gani?"

"Dogo tu," akasema. "Alhamdulillah."

Basi siku ile ya changu alikuwa nalo. Aliuliza habari za kwapa lake mwenyewe, mbele ya madaktari wawili, akapata jibu, akaondoa sinia. Nilimkasirikia na nilimpenda, yote kwa pamoja, nikaenda jikoni nikaosha vyombo ambavyo vilikuwa safi. Harusini tulikwenda. Mama alitaka, na alicheza.

Vipimo vikaja, nao ulikuwa ugonjwa wenyewe, wa kukatwa na kuondolewa. Mama alisema sawa kwa upesi ulionitisha. Mimi hofu yangu haikuwa kisu tu. Mama ana pumu tangu utotoni. Mtu wa pumu akiogopa kuvuta pumzi kwa sababu inauma, makohozi hukaa kifuani, mapafu yakashikwa, na nimewaona waliopona upasuaji wakaondoka duniani kwa homa ya mapafu. Mofini nyingi nayo singemtakia. Kwa mtu mwingine sindano ya ganzi ni raha ya siku moja. Kwa mama, ndiyo ilikuwa tofauti ya kupumua na kutopumua, na sikuweza kufikiri jingine kwa siku hizo zote.

Kumlaza mzazi wako si kazi unayopewa, na hata ningepewa mikono ingekataa. Mwenzangu ndiye angemlaza. Akaja nyumbani kumwona kabla, akavuta kiti, akasalimia mpaka mwisho, akauliza habari za pumu, akasikiliza kifua. Kisha tukaanza, na nilijiona kabisa kuwa tunaanza.

"Mimi kwa mama ningetia ya chapati," akasema. "Ana pumu, sitaki kukaribia pafu. Tena wanatoa tezi za kwapani."

"Una mikono mizuri, na mashine ya picha utakuwa nayo," nikasema. "Hutagusa pafu. Ya samaki inashika kifua kizima. Ukimwachia eneo la katikati, atakohoaje?"

"Na kwapa?"

"Litashikwa."

Mama alikuwa akitutazama mmoja baada ya mwingine, kama atazamaye watoto wanaogombania upande wa kitanda. "Ya samaki," akasema. "Ndiyo ya mwanangu."

Mwenzangu akakubali. Mgonjwa amechagua, na chaguo lenyewe lilikuwa zuri, hata leo nasema lilikuwa zuri.

Siku ya upasuaji nilikaa kwenye benchi la ujia pamoja na jamaa za wagonjwa wengine, nimevaa buibui langu, bila koti jeupe, nikaona jinsi mlango wa chumba cha upasuaji ulivyo mkubwa ukiwa upande ule. Dada alikuwa na chupa ya uji mapajani na hakuiachilia. Mwenzangu alitoka kabla ya adhuhuri, barakoa shingoni, akasema kila kitu kimekwenda vizuri, pafu halikuguswa, na mama ameanza kuamka na kuuliza kama tumekula.

Jamaa walikuja kwa makundi saa ya kutazama wagonjwa. Mama aliwapokea amelala, akawajibu wote. Njema. Alhamdulillah. Mumekuya, Mungu awajazi. Walipopungua nikamsogelea.

"U hali gani, mama?"

"Alhamdulillah."

"Waumwa?"

"Siumwi."

Nikasimama pale, nikangoja. Nilitengeneza dripu ambayo haikuwa na kasoro, nikalivuta shuka, nikangoja tena. Ela haikuja. Kwa kanuni yangu mwenyewe mama hakuwa akiumwa, na mwana ndani yangu alitaka sana iwe hivyo. Daktari alikuwa akitazama pumzi. Zilikuwa fupi, za juu juu, kama za mtu anayepuliza chai.

"Vuta pumzi ndefu, mama."

Akavuta ya kijiko. "Haya, nimevuta."

"Kohoa kidogo."

"Sina kikohozi."

"Mama, waniambia kweli?"

"Mimi nikwambie urongo wa nini?" akasema, na akafumba macho, na kwa mama hiyo ni njia ya kumtoa mtu chumbani.

Alasiri mwenzangu akaja, akanitazama uso, akaniambia niende nikale. Sikwenda kula. Nilisimama nje ya mlango wa wadi, kwenye kile kidirisha cha kioo. Nikamwona akivuta kiti. Nikaona midomo yao ikienda na kurudi, salamu hizo, na niliweza kuzifuata neno kwa neno bila kusikia. Halafu akanyamaza, mikono mapajani. Alikaa hivyo muda mrefu. Kunguru mmoja akatua dirishani, akaenda zake. Kisha midomo ya mama ikajifungua mara moja, ndogo, na hata kupitia kioo kile nililijua neno lililotoka.

Mama akaongea naye kidogo, akamshika mkono kama anayemwapisha. Mwenzangu akaitikia kwa kichwa, akainuka, akatoka.

"Naenda kuleta mashine," akaniambia. "Nitamwongezea ya chapati."

"Amesema nini?"

"Amesema alhamdulillah."

"Na nini tena?"

"Nimemwahidi sitakuambia."

"Mimi ni mwanawe."

"Ndiyo maana," akasema, akaenda zake ujiani bila kugeuka.

Niliona wivu, na sioni haya kusema. Mtu wa bara, niliyemfundisha mimi kuketi, amepewa ela ya mama yangu, na mimi nimepewa salamu. Kisha wivu ukapita, ikabaki kwamba mama yangu anaumwa na ameumwa tangu alipoamka.

Alipima dawa kwa uangalifu, asizidishe, maana ile ya asubuhi ilikuwa bado mwilini. Nilisimama upande wa pili wa kitanda nimemshika mama mkono, sikushika kingine. Kwenye kioo cha mashine misuli ilionekana milia myeupe na myeusi, sindano ikaingia baina yake, na dawa ikafungua nafasi polepole. Mama alikuwa amegeuza kichwa akitazama.

"Ndiyo hiyo chapati?"

"Ndiyo, mama," akasema mwenzangu.

"Haina samli," akasema mama.

Tulingoja. Bega lake la kushoto, ambalo sikuwa nimetambua kwamba lilikuwa limepanda mpaka karibu na sikio, likaanza kushuka. Likashuka mpaka likagusa mto wa kulalia. Mama akavuta pumzi, akasita katikati yake kama mtu anayejaribu ngazi mbovu, akaona inamshika, akaivuta mpaka mwisho. Kisha akakohoa, kikohozi kizito cha maana, akatema. Sijawahi kuyafurahia makohozi ya mtu kama nilivyoyafurahia yale. Akaomba uji, na dada akamimina huku machozi yakimtoka, nusu ndani ya kikombe na nusu juu ya sinia, na hakuna aliyemsema.

Mwenzangu akakusanya vitu vyake akatuacha. Dada akatoka kwenda kumpigia mumewe simu. Nikabaki na mama.

"Mbona hukuniambia?" nikamuuliza.

"Ningalikwambia, ungalishindwa."

"Kushindwa na nani, mama?"

"Na huyu kijana." Akaelekeza kidevu mlangoni. "Wewe umesema kwapa hufa ganzi. Umesema mbele ya mgeni, nyumbani kwangu. Thama leo mimi niseme halikufa?"

Niliinamisha kichwa ukingoni mwa kitanda, nikacheka, na kicheko hakikukaa kicheko kwa muda mrefu. Mtu mwenye pumu alikuwa ameibana pumzi yake tangu adhuhuri, pumzi ambayo mimi niliihangaikia kuliko kitu chochote duniani, ili binti yake asishindwe ubishi wa chai. Angeweza kufa kwa ajili yangu hivi hivi, kwa adabu, na angekufa akisema hajambo. Mama akaniwekea mkono kichwani, ule wa kulia.

"Ela, sindano yako ilifanya kazi kifuani kote," akasema kunibembeleza. "Ni kwapa tu. Mwambie hivyo."

"Nitamwambia."

Nikapangusa uso. Ndipo nilipoona kuwa tangu alipoamka sikuwa nimeketi mbele yake hata mara moja. Nilikuwa nimesimama, natazama dripu, natazama shuka, natazama pumzi, nangoja anipe jibu huku nimesimama kama askari wa kanjo anayengoja kuona leseni. Nikavuta kile kiti, bado kilikuwa pale mwenzangu alipokiacha, nikaketi, magoti yangu yakagusa kitanda.

"Masalkheri, mama," nikasema.

Akanitazama kama anayeuliza huyu naye ana nini. Lakini salamu ni salamu, haikataliwi. "Masalkheri, mwanangu."

"U hali gani?"

"Njema, alhamdulillah."

"Na wa nyumbani?"

Akatabasamu kidogo. Wa nyumbani ni mimi. "Hawajambo," akasema. "Wamechoka."

"Umeshindaje?"

"Salama."

Nikaweka mikono mapajani. Gari la chai lilikuwa likipita vitanda vya mwisho, vikombe vikigongana. Mgonjwa wa kitanda cha jirani alikuwa akizungumza na simu kwa sauti ya chini. Sikutazama dripu. Mama alitazama dari, kisha shuka pale kifuani ambapo sasa upande mmoja ulikuwa tambarare, akalitazama bila kugeuza macho kwa mara ya kwanza tangu aamke. Halafu akautafuta mkono wangu juu ya paja langu, akashika kidole kimoja, cha shahada.

"Ela naogopa," akasema.

Baba alipotolewa mlangoni kwenye jeneza sikumsikia akisema hivyo. Nilipokuwa mdogo na pumu ikimbana mpaka midomo inabadilika rangi, hakusema hivyo. Tezi zile za kwapani zilikuwa zimepelekwa kuchunguzwa na majibu yalikuwa bado. Mimi nayajua majibu yanayoweza kuja, na nina maneno ya kuwaambia watu wanaoyangoja, nimeyasema mara nyingi na huyasema vizuri. Niliyaacha yote.

"Hata mimi, mama," nikasema. "Naogopa sana."

Akaitikia kwa kichwa, kama aliyekuwa akijua na alitaka tu kusikia. Hakukiachilia kidole.

"Basi usende," akasema.

Nikavua viatu, nikavisukuma chini ya kitanda.